Uzi wa Sevilla (Hispania): sehemu ambazo vikundi vya watalii havipelekwi

MtembeziHuru

Habari za muda huu wakuu. Kuna wadau wamenifuata inbox baada ya ule mchango wangu wa treni za Hispania, wanaenda Sevilla wanataka kujua waone nini, na listi zao zote zinafanana: jumba la Alcázar, kanisa kuu na mnara wa Giralda, Plaza de España, flamenco usiku, kesho yake treni ya kurudi Madrid. Sina neno baya na hizo sehemu, Alcázar ni jumba zuri kuliko majumba yote niliyowahi kukanyaga, kateni tiketi onlaini mapema muende. Ila mi naishi huku kwa kazi na kinachoniuma ni kuona mtu kutoka Dar au Nairobi kalipa viza na nauli inayotisha, anakaa Sevilla siku mbili, anaondoka bila kujua kwamba mwendo wa mguu tu kutoka hotelini kwake kuna mtaa una jina la mtu mweusi aliyekuwa hakimu wa weusi wa mji huu mwaka 1475. Hakuna aliyemwambia. Waongozaji wengi wanapita mbali na hapo kwa sababu hakuna cha kupiga picha.

Kwahiyo nauanzisha huu uzi, ntakuwa naongeza kidogo kidogo, na naanza na hiyo maana kwangu ndo kubwa kuliko zote.

Sevilla ya miaka ya 1500 ilikuwa bandari ya kila kilichotoka Amerika, dhahabu, fedha, rangi, ngozi, meli zote zilipanda mto Guadalquivir zikafunga hapa. Na palikuwa na soko la watumwa kubwa mno. Hesabu ya mwaka 1565 inaonyesha watumwa zaidi ya 6,000 kwenye mji wa watu kama 85,000. Sio wote walikuwa weusi, walikuwemo Wamoro pia (Waislamu wa Afrika Kaskazini), ila weusi walikuwa wengi sana na walionekana kila kona, jikoni kwa matajiri, bandarini, mitaani wakiuza vitu. Velázquez, yule mchoraji mkubwa aliyezaliwa Sevilla mwaka 1599, akiwa bado kijana alimchora mtumishi mweusi jikoni, na picha hizo leo moja iko Dublin nyingine Chicago. Yaani aliwaona kila siku.

Sasa ukifika kanisa kuu angalia nje, kuna ngazi zinalizunguka na vinguzo vya mawe vimeunganishwa kwa minyororo. Watu wanakaa pale wanakula aiskrimu, wanasubiri foleni, watoto wanarukaruka juu ya minyororo. Zamani hizo ngazi ndo zilikuwa mahali pa biashara na mnada, na katika vilivyonadiwa pale walikuwemo binadamu. Hakuna anayekwambia unapokaa. Mi siku hizi kila nikipita pale na mgeni namsimamisha kwanza, namwambia, halafu ndo tunaingia ndani.

Kutoka hapo tembea kuelekea mashariki, toka nje ya mstari wa ukuta wa zamani mpaka mtaa wa Recaredo. Kuna kanisa dogo linaitwa Capilla de los Ángeles, ndo makao ya chama cha kidini ambacho Sevilla nzima wanakiita Los Negritos. Kilianza mwishoni mwa karne ya 14 wakati wa askofu mkuu Gonzalo de Mena, ambaye alifungua hospitali kwa ajili ya weusi wa mji, waliokuwa wanazeeka na kuugua wakitupwa na mabwana zao. Wenyewe wakaungana pale, watumwa na walio huru, wakazikana, wakasaidiana, wakabeba sanamu zao kwenye maandamano ya wiki ya Pasaka kama vyama vya matajiri. Yaani Columbus hajazaliwa, hiki chama kipo. Kristo wa msalabani aliyemo humo ndani alichongwa na Andrés de Ocampo mwaka 1622, na mpaka leo anatolewa barabarani kila Alhamisi Kuu.

Kuna kisa kinasimuliwa cha karne ya 17, kwamba chama kilitaka kufanya sikukuu ya heshima ya Bikira Maria na hela hakuna, basi ndugu mmoja mweusi aliyekuwa huru akauweka rehani uhuru wake mwenyewe ili sherehe ifanyike. Nilivyosimuliwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Mtu anayejua utumwa ni nini, anatoa kitu pekee alichonacho ili na wao waonekane watu mbele ya mji.

Leo wanachama karibu wote ni wazungu, weusi wa Sevilla waliyeyuka ndani ya watu miaka ya 1700 na 1800, jina ndo limebaki. Na jirani kabisa na kanisa kuna kile kimtaa nilichosema, Calle Conde Negro. Huyo ni Juan de Valladolid. Mfalme Fernando na malkia Isabel walimteua Novemba 1475 kuwa mkuu na hakimu wa weusi wote wa Sevilla, watumwa na huru, ugomvi wao, ndoa zao, sherehe zao zilipita mikononi mwake. Watu wakamwita Conde Negro, yaani Lodi Mweusi (conde ni cheo cha ukabaila), na jina likashika. Mtaa wenyewe ni mfupi, nyumba za kawaida, nguo zimeanikwa, pikipiki zimepaki. Kibao cha jina kiko ukutani. Nendeni mkakisome.

Bint_Makunduchi

Ahsante sana kwa uzi, mie naenda mwezi wa tatu na mume wangu inshallah. Nina masuali mawili. Hao watu weusi walitoka huku kwetu pwani au wapi? Na la pili, sisi tunataka khasa kuona athari za Kiislamu lakini siyo zile za kwenye kila video, hebu tusaidie.

MtembeziHuru

Karibu dada. Wale wengi wao walitoka Afrika Magharibi, Wareno waliwachukua pwani za Senegal na Guinea wakawapitisha Lisbon ndo wakaletwa Sevilla, baadaye wakaja pia wa Kongo na Angola. Biashara ya pwani yetu ilielekea zaidi Arabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi, ni njia nyingine kabisa.

La pili hapo umegusa penyewe. Najua Giralda mtaiona tu maana ndo alama ya mji, ila ingieni mkiwa mnajua mnachopanda. Ule ulikuwa mnara wa msikiti, uliisha mwaka 1198, ndugu wa damu na minara ya Moroko, Koutoubia wa Marrakech na ule ambao haukumalizika wa Rabat. Ndani hakuna ngazi, kuna miteremko 35 inayofuatana ikizunguka, inaelezwa ulitengenezwa hivyo ili muadhini apande na mnyama mpaka juu. Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kupanda taratibu.

Ila sehemu ninayoipenda mimi iko Plaza del Salvador. Kanisa la Salvador limesimama juu ya msikiti mkuu wa kwanza wa Sevilla, ule wa Ibn Adabbas uliojengwa karibu mwaka 829. Watu wanaingia kanisani wanaangalia dhahabu wanatoka. Nyinyi ombeni njia ya uani, patio ya michungwa. Pale ndo palikuwa pa kutilia udhu. Mtakuta nguzo zimezunguka ua, lakini ni fupi ajabu, zile taji zake zilizochongwa maua ziko usawa wa kiuno au goti, matao yanaanzia chini chini hivi. Nguzo zenyewe ni ndefu, ila zimezama. Mto ulikuwa unafurika, tope linabaki, watu wanajenga juu yake, karne kwa karne mji ukapanda na msikiti ukabaki chini. Ukiweka kiganja juu ya taji la nguzo pale unagusa kitu ambacho zamani mtu alikuwa anainua kichwa kukiona. Hata nguzo zenyewe ziliokotwa kwenye majengo ya Warumi waliokuwepo kabla, Waislamu wakazitumia tena. Kaeni hapo kidogo, huwa hakuna watu.

Halafu mtaa wa Mateos Gago, hatua chache kutoka Giralda, kuna baa ya vitafunwa inaitwa Cervecería Giralda. Hiyo baa ilikuwepo miaka yote na kila mtu alijua ina dari za matao, wakadhani ni mapambo tu ya mwenye nyumba. Mwaka 2020 wakati wa ukarabati mafundi wanakwangua plasta wakakutana na matundu yenye umbo la nyota juu ya dari, na michoro myekundu ya maumbo ya jiometri ukutani. Kumbe ni hamamu nzima ya karne ya 12, ya enzi za Almohadi (watawala Waislamu waliotoka Moroko), mchora ramani aliyejenga hapo miaka ya 1920 aliifunika badala ya kuivunja. Sasa ni mgahawa, unaweza kuingia ukaagiza hata soda ukaangalia juu. Mwanga unapita kwenye zile nyota unadondoka mezani. Wanauza pombe na nguruwe, hilo nawaambia mapema mjue, lakini kuangalia hakuna shida.

Bint_Makunduchi

Umenifurahisha sana na hilo la nguzo. Tutakwenda. Na chakula je, maana nasikia kila kitu kina nguruwe huko.

MtembeziHuru

Sio kila kitu ila kuweni makini. Salmorejo, ile supu nzito ya baridi ya nyanya na mkate, wanainyunyizia nyama ya nguruwe iliyokaushwa na yai juu, semeni "sin jamón" kabla hawajaleta. Chakula cha Sevilla ambacho kitawafurahisha ni espinacas con garbanzos, mchicha na dengu kubwa zimepikwa na kitunguu thaumu, pilipili ya unga na binzari nyembamba nyingi. Mpishi yeyote wa pwani akionja hiyo anajua kila kilichoingia. Samaki wa kukaanga pia wapo kila mahali na ni watamu kwelikweli, wale walioroweshwa siki na viungo wanaitwa adobo.

Na yale machungwa mtakayoyaona barabarani maelfu kwa maelfu, msichume mkale. Yale ni madanzi. Mji una miti zaidi ya 40,000 ya hivyo, na kwa miaka mingi yamekuwa yakipelekwa Uingereza kutengeneza jamu ya kupaka mkate. Mkija mwezi wa tatu mtakuta yanachanua na harufu ya yale maua usiku, dada, ni mji mzima unanukia kama bibi harusi.

Jirani254

Niaje wasee. Mi ni mkenya, nilikuwa huko na nataka kuongezea kitu hapo, wale masista wa kufungiwa wanaouza vitu tamu. Enyewe hiyo ndio kitu ilinishika zaidi Sevilla. Kuna hizi konventi za zamani ambapo masista hawatoki nje na hawaonekani, lakini wanapika biskuti na vitu vya mayai wanauza. Yenye kila mtu anajua ni San Leandro, pale Plaza San Ildefonso, wanatengeneza yemas, ni kiini cha yai na sukari tu, kadogo, kamefungwa kwa karatasi nyeupe imesokotwa.

Venye inaendanga ni hivi. Unaingia kwa korido ndogo ya baridi, hakuna mtu, hakuna kaunta, kuna ukuta na ndani yake kabati ya mbao ya duara, kama pipa limesimama wima. Unabonyeza kengele. Unangoja. Sauti ya mwanamke inatoka nyuma ya mbao inasema "Ave María Purísima", wewe unajibu "sin pecado concebida", halafu unasema unataka boksi ngapi. Unaweka pesa kwa hiyo kabati, inazunguka polepole, inalia kidogo, inarudi na boksi yako na chenji. Hujaona hata kidole.

Sasa kwa konventi moja, si hiyo ya San Leandro, nilijibu na kihispania changu cha kuvunjika, sauti ikanyamaza kidogo, ikauliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Ikacheka! Ikaniambia "karibu sana, habari ya nyumbani". Tukaongea kwa hiyo mbao kama dakika kumi, mambo ya mvua, mahindi, watu wa kwao. Sijui anafanana aje na sitawahi jua. Vile nilielezwa ni kwamba wasichana wa Hispania hawaingii konventi tena kama zamani, so nyumba nyingi zingefungwa kama si masista kutoka Kenya na India. Hizo nyumba za miaka mia tano zinashikiliwa na watu wetu, na mapishi ya mayai ya mamia ya miaka sasa yako kwa mikono yao. Ukienda, ongea kiswahili hapo kwa kabati. Unaeza shangaa.

MtembeziHuru

Jirani asante sana kwa hii, nilikuwa nataka kuiandika ila umeimaliza. Niongeze tu kwamba mchana wanafunga kwa sala na mapumziko, nendeni asubuhi kuanzia saa nne, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Na chukueni chenji ndogo.

Haya tuendelee. Kanisa kuu ukiwa unatoka kupitia ua wa michungwa, inua macho kwenye ile varanda, kuna mamba ananing'inia darini. Mamba mzima. Pembeni yake kuna pembe ya ndovu na hatamu. Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1260 sultani wa Misri alimtumia mfalme Alfonso wa Kumi zawadi, mamba hai, twiga na vinginevyo, akimposa binti yake. Binti hakutolewa ila zawadi zilibaki. Mamba alipokufa wakamkausha wakamtundika, na alipooza wakachonga wa mbao ndo huyo aliyepo. Mlango ule wanauita mlango wa mjusi. Watu kwa maelfu wanapita chini yake kila siku wakiangalia simu.

Sehemu nyingine ambayo nawasihi msiiache ni Hospital de la Caridad, karibu na mto, nyuma kidogo ya uwanja wa mapambano ya ng'ombe. Hii ilianzishwa upya na tajiri mmoja anaitwa Miguel Mañara, karne ya 17, mtu aliyefiwa na mkewe akaacha starehe zote. Chama alichojiunga nacho kazi yake ilikuwa kuzika maiti ambazo hazina mwenyewe, waliozama mtoni na walionyongwa. Yeye akaongeza hospitali ya mafukara, na mpaka leo mle ndani kuna wazee wanatunzwa, sio makumbusho tu.

Ukiingia kanisani mwake, geuka uangalie kuta mbili zinazotazamana karibu na mlango. Kuna picha mbili za Valdés Leal za mwaka 1672 hivi. Ya kwanza ni mifupa ya mtu imeshika fyekeo na jeneza kwapani, mguu uko juu ya tufe la dunia, mkono mmoja unazima mshumaa, chini kumetapakaa taji, panga, vitabu, mavazi ya askofu. Ya pili ni handaki la kaburi, askofu yuko ndani ya jeneza na joho lake la hariri, na wadudu wanamtembea usoni. Kachora mpaka miguu ya mende. Juu yake mkono unatoka mawinguni umeshika mizani. Sijawahi kuona picha ya kanisani inayomsema mkubwa waziwazi namna ile, na iliagizwa na tajiri mwenyewe akawawekea matajiri wenzake waione kila wakija kusali. Mañara aliomba azikwe mlangoni ili kila anayeingia amkanyage, na jiwe lake limeandikwa kwamba hapo kuna mifupa na majivu ya mtu mbaya kuliko wote waliowahi kuwepo duniani.

Halafu angalia kuta za pembeni, kuna picha za Murillo, nne kati yake ni nakala. Zile halisi zilibebwa na jemadari Soult, Mfaransa, jeshi la Napoleon lilipoukalia mji mwaka 1810. Leo ziko London, Washington, Ottawa na Saint Petersburg. Kwa sisi tunaodai vitu vyetu vilivyoko makumbusho ya Ulaya hilo ni la kusimama ukalitafakari, Wazungu wenyewe kwa wenyewe waliibiana na havijarudi.

MzeeWaKigamboni

Kijana umeandika vizuri sana. Mimi naja na mke wangu kumtembelea binti yetu anayesoma huko, umri umeenda, tunaweza kutembea ila si jua kali. Na makaburi yanaingilika? Napenda kuona makaburi ya mji, hapo ndipo unaposoma watu.

MtembeziHuru

Shikamoo mzee. Kuhusu jua, tafadhali msije mwezi wa saba wala wa nane. Joto linavuka digrii 40 na sio kama la Dar lenye upepo wa bahari, hili ni kavu linachoma, maduka yanafungwa mchana na watu wanajifungia ndani mpaka jioni. Mwezi wa pili mpaka wa tano, au wa kumi na kumi na moja, ndo wenyewe. Mji ni tambarare kabisa, hamtapanda mlima.

Makaburi yanaingilika bure, yanaitwa San Fernando, yako kaskazini, mnachukua basi la mjini. Na umenigusa hapo kwa sababu ni moja ya sehemu ninazozipenda. Mtakuta kaburi la Joselito, mpambana na ng'ombe aliyeuawa na ng'ombe mjini Talavera mwezi wa tano mwaka 1920 akiwa na miaka 25. Mchongaji Mariano Benlliure katengeneza msafara mzima wa mazishi kwa shaba, watu ukubwa wa kawaida wamebeba jeneza begani, wanawake, watoto, wazee, kila uso una kilio chake, na yeye juu kalala ni marumaru nyeupe tupu. Hapo unaona mji ulivyolia. Zungukeni nyuma yake pia mwangalie migongo ya wale wabebaji jinsi ilivyoinama.

Katikati ya makaburi pana msalaba mkubwa, Kristo wa shaba wa Antonio Susillo. Wanamwita Kristo wa Asali. Miaka ile watu waliona mdomoni mwake panachuruzika asali, mji ukasisimka, wakidhani ni muujiza, kumbe nyuki walijenga mzinga ndani ya shaba iliyo wazi na joto likawa linaiyeyusha nta. Susillo alijiua mwaka 1896, na baadaye mabaki yake yalihamishiwa hapohapo chini ya kazi yake. Kwa desturi za wakati ule aliyejiua hakuzikwa ardhi takatifu, ila Sevilla mwishowe walimpa nafasi ya katikati kabisa.

Jirani254

Hiyo ya nyuki sikuijua na nilipita hapo karibu, wah. Na ile ng'ambo ya mto mahali Expo ilikuwa, yale maonyesho ya dunia, inafaa ama?

MtembeziHuru

Inafaa sana kwa mtu anayependa mambo ya ajabu. Kisiwa cha Cartuja, Expo ilikuwa pale Aprili mpaka Oktoba 1992. Mabanda mengine yamekuwa ofisi na vyuo, mengine yamebaki na magugu, na kuna mfano wa roketi ya Ariane umesimama wima hapo mpaka leo. Unatembea barabara pana hazina watu, majina ya nchi ukutani yamefifia.

Ila humohumo kuna monasteri ya zamani ambayo ndo sababu ya kwenda. Columbus alilala kaburini humo miaka kadhaa kabla hajapelekwa ng'ambo. Mwaka 1841 Mwingereza Charles Pickman akaigeuza kiwanda cha vyombo vya udongo, akajenga matanuri marefu ya umbo la chupa, na bado yamesimama katikati ya ua wa watawa, dohani za kiwanda pembeni ya kanisa. Sasa ni makumbusho ya sanaa ya kisasa, na usishtuke ukiona uso mkubwa wa msichana umejaa dirishani na mkono umetokeza dirisha la pili, kama nyumba imembana. Hiyo ni kazi ya msanii Cristina Lucas, inaniambia mengi kuliko picha nyingi zilizoko ndani.

Vingine kwa haraka maana uzi umekuwa mrefu. Mtaa wa Mármoles, nguzo tatu za Kirumi ziko ndani ya shimo kati ya nyumba za watu, na dada zake wawili walihamishiwa Alameda de Hércules mwaka 1574 wakawekewa Hercules na Julius Caesar juu. Mtaa wa Cabeza del Rey Don Pedro, mkabala na mtaa wa Candilejo, kuna kichwa cha mfalme Pedro ukutani, inasimuliwa alimuua mtu usiku, bibi mmoja dirishani akamtambua kwa mlio wa magoti yake, na mfalme alikuwa ameahidi kichwa cha muuaji kitundikwe pale. Chini ya soko la Triana kuna magofu ya ngome ya San Jorge iliyokuwa makao ya Inkwizisheni (mahakama ya Kanisa iliyowasaka walioshukiwa kupotoka imani) kuanzia 1481 mpaka 1785, unanunua nyanya juu ya magereza. Na jumba la Lebrija, mama mmoja tajiri alinunua nyumba mwaka 1901 akatandika sakafu nzima kwa mozaiki za Kirumi, sebuleni mwake unazunguka picha za miungu miguuni.

MzeeWaKigamboni

Marahaba kijana, ubarikiwe. Hizo mozaiki zilitoka wapi, na kama tuna siku moja ya kutoka nje ya mji twende wapi?

MtembeziHuru

Zilitoka hapohapo ninapotaka kukutuma mzee. Italica, kijiji cha Santiponce, kama kilometa 9 tu. Ni mji wa Warumi ulioanzishwa mwaka 206 kabla ya Kristo kwa ajili ya askari wa Scipio waliojeruhiwa, na ndo alikozaliwa kaisari Trajan. Uwanja wake wa mapambano ulikuwa unabeba watu kama 25,000, mnashuka mpaka kule chini walikofungiwa wanyama. Mozaiki zilizobaki ziko palepale zilipotandikwa, kuna moja ina ndege zaidi ya thelathini, kila mmoja na kisanduku chake, manyoya yanahesabika. Basi ni M-170 kutoka stendi ya Plaza de Armas, mnashushwa karibu na geti. Kofia na maji ni lazima hata mwezi wa tatu maana kivuli ni kidogo, na Jumatatu pamefungwa.